Siku Sita Kisiwani Pate: Mzunguko wa Mwakilishi Wadi Kabla ya Septemba

Ombi la kijiji lisiloingia kwenye mpango wa maendeleo wa kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba limekaribia kupoteza mwaka mzima. Hiyo ndiyo siku ambayo Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka serikali ya kaunti iwe imeuwasilisha mpango huo katika bunge la kaunti, na mpango wenyewe ni wa mwaka wa fedha utakaoanza Julai inayofuata. Kaunti ya Lamu, pwani ya Kenya, ina wadi kumi. Ile ya Faza, ambayo imebeba vijiji vya kisiwa cha Pate, ni miongoni mwa zile ambazo mwakilishi wake katika bunge la kaunti hawezi kuzizunguka kwa gari kwa siku moja. Akizunguka Oktoba, atakuwa amekwenda kuamkia watu tu.

Mzunguko ulioandikwa hapa ni wa mwanzo wa Agosti, Jumatatu hadi Jumamosi. Tangazo hutangulia kwa siku saba, kupitia kwa chifu, maimamu, kamati za zahanati na viongozi wa BMU, yaani umoja wa wavuvi wa kila bandari. Mkobani huwa na kurasa za bajeti iliyopitishwa Juni zinazohusu wadi, orodha ya miradi ya mwaka uliopita na hali yake, daftari la mihtasari, karatasi za mahudhurio, wino wa dole gumba na utepe wa kupimia wa mita 30. Utepe huo ndio husahaulika zaidi, na ndio wenye kazi kubwa. Msafara una watu wanne: mwakilishi, karani wake, msimamizi wa wadi na afisa wa maji. Msimamizi wa wadi ni mtumishi wa serikali ya kaunti, si wa bunge. Maswali ya utekelezaji ni yake kuyajibu, na akikosekana mwakilishi hujikuta akijibia kazi isiyo yake.

Jumatatu: Lamu, Mtangawanda, Pate

Saa ya kuondoka Lamu haipangwi na mheshimiwa, inapangwa na maji. Njia ni Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, na maji yakipwa boti hukwama kwenye tope la mikoko mpaka yajae tena. Siku za bamvu, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa alfajiri na alasiri, na katikati ya asubuhi huwa yamepwa kabisa. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, hujaa katikati ya asubuhi, ingawa hayapandi sana. Kila siku saa ya kujaa huchelewa kwa karibu dakika 50. Basi ratiba ya ziara huandikwa kwa kutazama mwezi kwanza, kisha kalenda, na nahodha huulizwa kabla ya barua za mwaliko kutoka. Mkutano ulioitwa saa tatu asubuhi siku ya bamvu, na boti imekwama Mkanda, umekufa kabla haujaanza. Wazee watangoja, wataondoka, na mwakani watakuja nusu yao.

Agosti upepo wa kusi bado unavuma. Kila abiria huvaa boya, na karatasi huwekwa ndani ya mifuko miwili ya nailoni.

Kutoka Mtangawanda, gati la kisiwani, kwenda mji wa Pate ni bodaboda. Boti nayo hufika Pate, ila kwa maji makuu peke yake. Mkutano hukaa baada ya sala ya alasiri. Huanza kwa dua, kisha chifu, kisha mzee wa kijiji, halafu karani anasoma: mwaka jana mliomba nini, kipi kiliingia kwenye bajeti, shilingi ngapi zilitengwa, kazi imefika wapi. Hapo ndipo maombi mapya hufunguliwa. Wawakilishi wengi hugeuza mpango huu, wakasikiliza kwanza na kutoa hesabu mwishoni wakati watu wanainuka kwenda sala ya magharibi. Ni vibaya. Kijiji kisichojua ombi lake la zamani liliishia wapi huliomba upya lilelile, na mwaka unapita juu ya karatasi moja.

Kabla ya mkutano huo kuna saa nzima ya jabia, na saa hiyo isipunguzwe. Visima vingi vya visiwani vina maji ya chumvi, kwa hiyo uhai wa kijiji uko kwenye maji ya mvua. Jabia ni sakafu pana iliyosakafiwa kwa mteremko, inayopeleka maji kwenye birika kubwa la chini ya ardhi. Hesabu yake ni nyepesi na kila mwanakijiji anafaa kuijua: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Sakafu ya mita 20 kwa 25 ni mita za mraba 500. Mvua ya milimita 20 hutoa lita 10,000. Ukiondoa sehemu ya tano inayonywewa na sakafu na kupotea pembeni, zinabaki 8,000, yaani mitungi 400 ya lita 20.

Sasa jabia linavuja, watu wanaomba jabia jipya. Afisa wa maji aulize kwanza linavuja wapi. Jioni, baada ya mtu wa mwisho kuteka, chora alama ya mkaa ukutani usawa wa maji. Alfajiri, kabla ya mtu wa kwanza kuteka, pima yameshuka kiasi gani. Birika la mita 10 kwa 5 likishuka sentimita moja, zimepotea lita 500 kwa usiku mmoja, mitungi 25. Yasiposhuka, tatizo haliko birikani. Liko juu, kwenye sakafu iliyopasuka au kwenye mdomo wa kuingizia maji ulioziba kwa mchanga na mavi ya mbuzi kwa sababu ua umeanguka. Kujenga ua na kuziba nyufa ni kazi ya pesa ndogo inayoweza kuisha ndani ya mwaka mmoja wa fedha. Jabia jipya halina hakika hiyo.

Ufa huzibwa hivi. Uchimbe kwa patasi upanuke mdomo na uwe mwembamba chini. Safisha vumbi kwa brashi, lowesha, kisha jaza saruji moja kwa mchanga tatu pamoja na dawa ya kuzuia maji. Funika kwa magunia na uendelee kuyalowesha siku saba. Jambo linaloharibu kazi hii ni mchanga wa pwani. Una chumvi: saruji haishiki vizuri, na kama ndani kuna nondo, zinashika kutu na kupasua sakafu upya. Kwa hiyo ombi litakaloandikwa lazima liseme wazi kwamba mchanga utoke bara, na gharama ya kuuvusha iwemo.

Gharama za kuvusha ndizo zinazoua miradi ya visiwani, na hili tunaliandika kwa uchungu. BQ, yaani orodha ya vifaa na kazi za mradi pamoja na bei zake, ikiandikwa kwa bei ya saruji ya Mokowe, upande wa bara, haina kupakia, nauli ya jahazi, kupakua Mtangawanda, wala trekta au punda hadi kijijini. Mifuko 100 ya saruji ni tani tano. Ikishushwa maji yamepwa, hubebwa mabegani juu ya tope, na uliolowa umekwisha kuwa jiwe. Mkandarasi aliyeshinda zabuni kwa bei ya bara huchimba msingi, huchukua malipo ya kwanza, kisha haonekani tena. Watu humlaumu mwakilishi, naye humlaumu mkandarasi, kumbe kosa liliandikwa ofisini kabla ya jembe la kwanza. Dawa yake ni ukurasa mmoja: msafara uulize Pate yenyewe bei ya mfuko uliofika mlangoni, bei ya safari ya punda, ujira wa mchukuzi, na uiambatanishe na ombi.

Jumanne: Siyu, na Shanga

Asubuhi ni zahanati. Mwakilishi haingii chumba cha mgonjwa, wala haji na kamera. Anakutana na mhudumu anayesimamia na mwenyekiti wa kamati ya zahanati, na mambo matatu hutazamwa. La kwanza ni kadi ya stoo: chagua dawa tano zinazotumika sana, linganisha idadi ya kwenye kadi na vilivyoko rafuni. La pili ni jokofu la chanjo, ambalo lazima likae kati ya nyuzi 2 na 8 za selsiasi na kuandikwa asubuhi na jioni. Karatasi yenye namba moja iliyojirudia wiki nzima kwa wino uleule haikuandikwa kila siku. La tatu ni nyumba ya mtumishi. Muuguzi asiye na pa kulala hukaa miezi michache akaomba uhamisho, na nafasi hiyo haijazwi upesi. Ombi la nyumba ya vyumba viwili mara nyingi huleta huduma zaidi kuliko ombi la jengo jipya la wagonjwa.

Dawa zikikosekana, swali si moja. Je, zahanati iliagiza kwa wakati wake wa robo mwaka? Je, kaunti ilipeleka agizo KEMSA, mamlaka ya taifa ya ugavi wa dawa? Je, kuna deni? Je, shehena ilifika Lamu mjini ikakosa boti? Kila swali lina ofisi yake. Tangu Sheria ya 2023 kuhusu mapato ya vituo vya afya, pesa inayokusanywa na kituo hubaki kituoni. Kwa hiyo mihtasari ya kamati ionyeshe ilivyotumika. Kama mihtasari haipo, hilo ndilo ombi la kwanza la Siyu kabla ya lolote.

Kwenye mkutano wa alasiri lazima mtu atasema kuhusu mhudumu wa zahanati: mheshimiwa, mtoe mtu huyu, hatufai. Hawezi, na asijifanye anaweza. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinamtaka mwakilishi awe karibu na wapiga kura wake, ashauriane nao, apeleke maoni yao bungeni na awe kiungo kati yao na bunge kuhusu huduma. Kifungu hichohicho kinamkataza kuingia katika kazi za utendaji za kaunti au utoaji wa huduma zenyewe. Haajiri, hafukuzi, hatii sahihi malipo ya mkandarasi. Nguvu yake iko kwenye kamati ya bunge. Ibara ya 195 ya Katiba inalipa bunge la kaunti na kamati zake mamlaka ya kumwita mtu yeyote aje kutoa ushahidi au taarifa, kwa uwezo sawa na wa Mahakama Kuu. Malalamiko yenye tarehe, majina ya dawa na idadi humfikisha waziri wa afya wa kaunti mbele ya kamati. Malalamiko ya "hatufai" hayamfikishi popote.

Wazee wengine wana matarajio ya zama za diwani, kabla ya mwaka 2013, na wanastahili kuelezwa kwa upole, si kukatwa.

Shanga ni kijiji kidogo, safari fupi kutoka Siyu. Mkutano hukaa chini ya mti na hauzidi saa moja. Karani asiufute eti watu ni wachache: huko ndiko maombi husahaulika.

Jumatano: Tchundwa na Mbwajumwali

Siku ya shule. Kaunti ina chekechea na vyuo vya ufundi vya vijiji, ilhali shule za msingi na sekondari ni za serikali kuu. Paa la darasa la msingi likivuja, ombi huenda kwa mbunge na mfuko wa maeneo bunge. Mwakilishi huliandika barua na kulipeleka, lakini haliwekwi kwenye orodha ya kaunti, kwa sababu litafutwa mezani na kula nafasi ya ombi jingine.

Basari hula muda mwingi kuliko inavyostahili, lakini ndiyo inayowauma wazazi. Elimu ya sekondari si kazi ya kaunti, hivyo mwakilishi asiahidi kiasi mpaka ajue kaunti ina makubaliano gani na serikali kuu kwa mwaka huo. Makosa yanayorudisha hundi ni yaleyale kila muhula: jina la shule limeandikwa kwa kifupi, namba ya akaunti imekosewa, jina la mtoto kwenye fomu si lile la cheti cha kuzaliwa. Karani akae na wazazi saa mbili, asome kila fomu kwa sauti, mzazi athibitishe. Kazi hiyo ndogo huokoa watoto wengi kurudishwa nyumbani.

Mbwajumwali mkutano wa wanawake hukaa peke yake, kabla ya ule mkubwa, na anayeandika awe mwanamke. Kwenye mkutano wa pamoja kina mama wengi hukaa nyuma na kunyamaza, kisha jioni maji, ambayo wao ndio wanayachota, yamekuwa ombi la nne nyuma ya uwanja wa mpira. Wanachosema huandikwa kama walivyokisema, kwa Kitikuu, lahaja ya huko, kama ni Kitikuu, na tafsiri ya ofisini ikae chini yake. Maelezo ya mama kuhusu saa anayoamka kuwahi zamu ya jabia yana uzito mbele ya kamati kuliko sentensi ya "uhaba wa maji".

Alhamisi: Kizingitini

Kizingitini ni bandari ya wavuvi wa samaki na kamba, na saa ya mkutano huulizwa wao. Uongozi wa BMU ufike na daftari la wanachama, daftari la vyombo na hesabu ya samaki walioshuka. Vitabu hivyo vikiwa tupu, ombi lolote la barafu, jokofu au boti ya doria halina miguu. Hakuna afisa wa mipango atakayejua ni barafu kiasi gani.

Kipimo kinachofaa joto la pwani yetu ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Bandari inayoshusha kilo 800 siku nzuri inahitaji kilo 800 za barafu siku hiyo, na mtambo wa kutoa kilo 200 utawasaidia matajiri wawili tu. Mitambo ya barafu ya pwani hufa kwa sababu zinazojulikana: hewa ya chumvi hula mabomba na nyaya, umeme hupanda na kushuka, kipuri hakuna karibu, na bajeti ilinunua mashine bila kutenga hata shilingi ya fundi, umeme na maji matamu ya kugandisha. Maji hayo yanatoka wapi, katika kijiji kinachokunywa mvua? Swali hili liulizwe hadharani, kwa sababu mara nyingi ndilo linalobadilisha ombi zima.

Fidia ya bandari ya Lamu itaulizwa. Mahakama Kuu mwaka 2018 iliamua wavuvi walioathiriwa na ujenzi wa bandari walipwe shilingi bilioni 1.76. Hiyo si pesa ya kaunti wala ya wadi, na mwakilishi aseme hivyo mara moja, kisha asaidie kwa linalowezekana, kama kuuliza kwa barua majina yaliyo kwenye orodha. Kwa gati, kwanza ijulikane ni la nani. Katiba imeipa kaunti vivuko na bandari ndogo, lakini baadhi ya magati yamejengwa na taasisi za serikali kuu, na taa ya kaunti haitawekwa juu ya nguzo isiyo yake bila barua ya ruhusa.

Ijumaa: Faza

Hakuna mkutano kabla ya sala. Asubuhi ni ya karani: kusafisha mihtasari na kugawa maombi katika mafungu mawili, la kaunti na la serikali kuu. Kazi kubwa hufanyika baada ya sala, pale wajumbe wawili kutoka kila kijiji, mmoja mwanamke, wanapokaa pamoja kupanga yapi yatangulie. Kila kijiji kimebeba maombi matatu, si zaidi. Mjumbe wa Pate akisikia ya Kizingitini kwa masikio yake, ushindani hupungua. Mwakilishi akipanga peke yake ofisini, kila kijiji huamini kingine kimependelewa.

Faza inakumbuka moto mkubwa wa mwaka 2009, na zimamoto ni kazi ya kaunti. Nyumba za makuti zilizobanana hazifikiwi na gari lolote, kwa hiyo ombi la maana huko ni pampu ya kubebwa na watu, mipira ya urefu unaotosha kutoka ufukweni, na vijana waliofunzwa kuitumia na kuiwasha kila mwezi. Pampu isiyowashwa hukwama siku ya moto.

Kisha ardhi. Mradi bila hati ya kiwanja ni karatasi tupu. Mtu husimama mkutanini akasema, nimetoa shamba la baba kwa ajili ya chekechea, watu wakapiga takbiri. Baba alishafariki, mirathi haijagawanywa, na dada zake watatu hawakuulizwa. Msingi ukichimbwa, mmoja wao anakwenda kwa kadhi au mahakamani, na kazi inasimama. Barua ya kutoa ardhi iwe na sahihi au dole gumba la kila mrithi, wanaume na wanawake, mbele ya chifu na mashahidi wawili, na mipaka iwe imepimwa kwa utepe uleule wa mita 30. Kiwanja cha wakfu hakitolewi na imamu wala na kamati ya msikiti. Kina utaratibu wake, na ni heri kutafuta kingine.

Orodha ya mahudhurio yenye namba za vitambulisho na simu hukaa kwenye faili. Haibandikwi ukutani wala kutumwa kwenye makundi ya simu.

Jumamosi: kurudi kwa maji ya kujaa

Kila ombi lina ukurasa wake: linaombwa nini, mahali gani, watu wangapi wanahudumiwa, vipimo, picha, barua ya ardhi, bei za kuvusha vifaa. Nakala tatu: moja kwa karani wa bunge la kaunti, moja kwa idara ya fedha na mipango, moja hubaki kijijini. Zile mbili za ofisi hupigwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na nakala ya ukurasa uliopigwa muhuri hurudishwa kwa mzee wa kijiji. Bila muhuri huo, Februari ataambiwa haukupokelewa.

Wiki ya kwanza ya Septemba karani achukue nakala ya mpango uliowasilishwa na atafute jina la kila kijiji, ukurasa kwa ukurasa. Lililokosekana lina nafasi nyingine kabla ya tarehe 28 Februari, ambapo waraka wa mkakati wa fedha hufika bungeni, na nyembamba zaidi baada ya 30 Aprili, makadirio ya bajeti yanapowasilishwa. Baada ya 30 Juni, bajeti ikiwa imepitishwa, kijiji kinaweza chenyewe kuomba BQ ya mradi wake kwa barua, chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na barua hiyo haihitaji sahihi ya mwakilishi.